Kilosa, 1916: Vita Vilivyopiganwa kwa Karatasi

Agosti 22, 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, askari wa Jenerali Jacob van Deventer wa upande wa Waingereza waliingia Kilosa wakiwa hoi. Walikuwa wametoka Kondoa Irangi kwa njia ya Dodoma na Mpwapwa, chakula kikiwachelewa nyuma na farasi wao wakifa mmoja baada ya mwingine. Wajerumani hawakuwasubiri. Walikwisha kung'oa mguu, wakilipua madaraja ya Reli ya Kati kila walipopita. Siku nne baadaye mkuu wake, Jenerali Jan Smuts, akaichukua Morogoro, na Septemba kikosi cha Van Deventer kilikuwa kimeteremka kupitia pande za Mikumi hadi Kidodi, jirani na mto Ruaha Mkuu.

Hivyo ndivyo vitabu vinavyosimulia: majenerali, madaraja, farasi. Lakini ndani ya vita hivyohivyo ipo habari nyingine, nayo ni ya karatasi. Nani alikuwa nazo, nani aliziiba, nani alizizika, nani alizifukua. Kwa watu wa Kilosa habari hiyo haijaisha, maana sehemu kubwa ya maandishi yanayoeleza ardhi yao na mababu zao ilikusanywa na watu waliokuwa wakipigana au wakijiandaa kupigana, na kuyasoma leo kunataka nauli ya kwenda mbali.

Tuanze na ramani. Kabla ya vita, wachora ramani wawili wa Berlin, Paul Sprigade na Max Moisel, waliichora Afrika Mashariki ya Kijerumani vipande kwa vipande kwa kipimo cha moja kwa 300,000, na kampuni ya Dietrich Reimer ikavichapisha. Kwa kipimo hicho sentimita moja ya karatasi ni kilomita tatu za nchi. Kutoka Kilosa, ambayo wao waliiandika Kilossa, hadi Mikumi ni kama shubiri moja: weka kidole gumba kwenye kituo cha reli, nyoosha kidole cha mwisho moja kwa moja kuelekea kusini, umefika. Ndani ya shubiri hiyo wachoraji walipaswa kupanga vijito, vilima, vijiji na njia za misafara bila wenyewe kukanyaga kila bonde. Walichofanya ni kukaa mezani na kuunganisha madaftari ya maofisa, wamisionari na wasafiri. Na wasafiri hao nao majina ya mito na vilima waliyapata wapi? Kwa viongozi wa njia na wapagazi, watu ambao hawakuandikwa popote pembezoni mwa ramani.

Ramani hizo hazikuwa siri. Ziliuzwa madukani. Vita vilipozuka Agosti 1914, Waingereza hawakuhitaji jasusi wa kuvuka mpaka usiku ili kuzipata. Walizinakili tu, wakawagawia maofisa wao.

London nako, idara ya upelelezi ya Jeshi la Majini ilikuwa na kitengo chake cha jiografia, kilichoongozwa na msomi wa jiografia, Henry Dickson. Kazi ya watu wake ilikuwa kusoma. Mwaka 1916 idara hiyo ilitoa kitabu cha mwongozo kuhusu Afrika Mashariki ya Kijerumani, chenye habari za njia, maji, mazao, wakazi, bandari na reli. Sehemu kubwa ya mambo yale ilitoka katika vitabu na majarida ya Wajerumani wenyewe, waliokuwa wameandika kwa fahari, miaka nenda rudi, kuhusu koloni lao. Hakuna aliyewalazimisha. Kilosa yenyewe ilitajwa sana katika maandishi ya enzi hizo kwa sababu ya pamba, kwani kampuni ya nguo ya familia ya Otto kutoka kusini mwa Ujerumani ilikuwa na shamba hapo, na ililimisha kwa plau ya mvuke. Habari kama hiyo msomaji wa Stuttgart aliisoma kama habari ya biashara. Mpelelezi wa London angeisoma vingine: hapo pana mashine, maji, kuni na barabara ya kupitisha mzigo mzito.

Hapa uwanjani ukusanyaji wa karatasi haukuwa msafi kiasi hicho. Kapteni Richard Meinertzhagen alikuja na jeshi lililotoka India kuishambulia Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914. Shambulio hilo liliishia kwa aibu. Waingereza na Wahindi wapatao 8,000 walirudishwa baharini na kikosi cha askari elfu moja na ushei, wakaacha bunduki na risasi ambazo Wajerumani walizitumia kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata Meinertzhagen alikuwa Nairobi akiongoza upelelezi. Kwa maelezo yake mwenyewe, hazina yake bora ilikuwa vyooni. Maofisa wa Kijerumani, waliokatiwa njia ya bahari na manowari za Uingereza, walijifutia karatasi yoyote iliyokuwapo: barua, amri, hesabu za chakula, hata ujumbe wa siri uliokwisha kusomwa. Waafrika aliowaajiri wakawa wanazizoa karatasi hizo makambini na kumpelekea. Njia hiyo aliipa jina la wazi kabisa, mbinu ya karatasi chafu.

Msomaji ana haki ya kucheka, na pia ana haki ya kutia shaka. Meinertzhagen alikuwa mwongo wa kipaji. Alijulikana duniani kama bingwa wa elimu ya ndege, hadi miaka ya 1990 wataalamu walipobaini kwamba aliiba ngozi za ndege kwenye makumbusho na kuzibandika lebo za uongo za mahali na tarehe. Mtu anayeghushi kibandiko cha ndege anaweza kuipamba shajara yake ya vita. Hata hivyo, kiini cha simulizi yake kinaingia akilini. Jeshi linalohamahama huacha karatasi, na karatasi huwa na thamani asiyoijua aliyeitupa. Tunachokosa ni majina ya wale waliozizoa. Mzungu alipata kitabu cha kumbukumbu kilichochapishwa. Wao hawakupata hata mstari.

Upande wa pili, Wajerumani nao waliwaogopa watu wa vitabu. Wamisionari wa Kiingereza wa Church Missionary Society (CMS) walikuwa Mamboya, katika nchi ya Wakaguru kaskazini mwa Kilosa, tangu karibu mwaka 1880. Mmoja wao, J. T. Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886, lugha ambayo wengi wa wasomaji wake wa London hawakuwahi kuisikia. Vita vilipoanza, wamisionari hao walikusanywa na kuwekwa kizuizini, kwanza Kiboriani juu ya Mpwapwa, baadaye Tabora. Walimu wao Waafrika wa Ukaguru na Ugogo ndio waliopata mateso makali zaidi. Walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakachapwa, wakituhumiwa kuwapelekea Waingereza ishara na habari. Kosa lao kubwa lilikuwa kujua kusoma na kuandika kutoka shule isiyotakiwa. Serikali ya Kijerumani iliendesha mambo yake ya chini kwa Kiswahili, kwa barua za maakida, majumbe na makarani, kwa hiyo ilijua vyema kwamba mtu mwenye kalamu kijijini anaweza kufanya nini.

Na njaa ya habari iliwabana Wajerumani kuliko Waingereza. Mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam ulibomolewa siku chache tu baada ya vita kutangazwa. Gazeti lao la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lilihamia Morogoro na kuendelea kuchapwa huko mpaka Waingereza walipokaribia. Baada ya hapo kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alitegemea alichoteka: magazeti ya adui, barua za adui, mifuko ya posta ya adui. Hata habari kwamba Kaiser amemtunukia nishani kuu ya Pour le Mérite ilimfikia kwa salamu za pongezi za Smuts, mtu aliyekuwa akimsaka.

Vita vyenyewe vilimalizika kwa karatasi. Novemba 13, 1918, siku mbili baada ya silaha kuwekwa chini Ulaya, watu wa Lettow-Vorbeck walimkamata mwendesha pikipiki wa Kiingereza huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Katika nyaraka alizobeba ndimo Wajerumani walimosoma kwamba vita vimekwisha. Siku 12 baadaye walijisalimisha Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala.

Mafaili ya serikali yao, je? Yalipohamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda bara, mengi yalifika Tabora, na kabla Wabelgiji hawajaingia mjini humo Septemba 1916 yalizikwa ardhini. Yalifukuliwa baada ya vita na kurudishwa pwani. Kundi hilo la nyaraka ndilo moyo wa hazina ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, nalo linatunzwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Mkutubi wa nyaraka kutoka Ujerumani, Eckhart Franz, na mwenzake Peter Geissler walitoa orodha yake kamili mwaka 1973. Kilichofichwa kisisomwe na adui sasa mwanafunzi wa mwaka wa pili anakiagiza kwa fomu.

Amani iliporudi, Kilosa ilipata mkusanyaji wa aina nyingine. Arthur Loveridge, aliyekuwa mtunza makumbusho Nairobi kabla ya kujiunga na jeshi la farasi, alipigana vita hivyo huku akijaza chupa zake nyoka, mijusi na vyura. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikaa Kilosa akiwa ofisa msaidizi wa wanyamapori. Mwaka 1924 akahamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikofanya kazi miaka zaidi ya 30. Ndiyo maana mjusi wa Kilosa wa miaka hiyo anatafutwa Massachusetts. Si jambo la ajabu; mkusanyaji hupeleka vitu kwenye kabati alilonalo.

Harvard hiyohiyo ndiyo iliyotoa mtu wa vita vya pili vya karatasi. Frederick Kilgour alikuwa mkutubi kijana wakati Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941. Rais Roosevelt aliunda kamati ya kupata machapisho ya nchi za adui, kwa ushawishi wa William Donovan, mkuu wa upelelezi, na Kilgour akawa mtendaji wake. Wazo lilikuwa rahisi: Ujerumani na Japani bado zinachapa magazeti, majarida ya kemia, orodha za viwanda, vitabu vya simu. Kusanya, soma, hesabu. Watu waliotumwa hawakuwa makachero wa sinema. Walikuwa wakutubi na wasomi wa miswada ya kale, wakikaa katika miji isiyo na upande kama Lisbon na Stockholm, wakinunua magazeti vibandani kama mteja mwingine yeyote.

Mashuhuri kati yao ni Adele Kibre, aliyekuwa amepata ujuzi wa kupiga picha miswada katika maktaba za Ulaya kabla ya vita. Alipelekwa Stockholm mwaka 1942. Fikiria kazi yenyewe: jarida la ufundi la Kijerumani limeazimwa kwa siku chache tu. Kurasa zinalazwa chini ya kamera, taa mbili pembeni, karatasi inanyooshwa kwa kioo, picha moja, fungua, picha nyingine. Jarida zima linageuka kuwa utepe wa mikrofilamu unaoenea kiganjani, kisha utepe unapanda ndege. Ukurasa mmoja hausemi kitu. Mamia ya kurasa, mbele ya mtu anayejua kemia, huonyesha kiwanda gani kimepungukiwa na nini.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na meza hizo. Katika idara ya Donovan, mchambuzi wa mambo ya Afrika alikuwa Ralph Bunche, Mmarekani Mweusi msomi wa siasa. Mwaka 1937 Bunche alikuwa London akijifunza Kiswahili, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta, mwanafunzi mwenzake kwa Profesa Malinowski wa anthropolojia. Kisha akaja kuzitembelea Kenya na nchi jirani. Miaka minne haikutimia, maarifa yale ya darasani na safarini yakawa mali ya serikali iliyo vitani.  Na Mombasa, mwaka 1942, Waingereza waliligeuza jengo la shule ya Allidina Visram kuwa kituo cha kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Watu waliopita njiani kwenda sokoni hawakuwa na habari.

Baada ya 1945 mashine hiyo ya kukusanya haikuzimwa. Ilibadilishwa jina tu. Wakutubi wa Marekani walikuwa wameona aibu ya kuingia vitani bila kuwa na vitabu vya nchi wanazopigana nazo, wakaapa yasijirudie. Maktaba zao kubwa zikagawana kazi ya kununua vitabu vya dunia nzima, na mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ikafungua ofisi Nairobi. Ofisi hiyo imekusanya kwa miongo mingi magazeti, vitabu, ripoti na vijitabu vya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, na kuvisafirisha Washington. Tofauti na enzi ya vyoo vya Meinertzhagen, vitu hivi hununuliwa kwa uwazi na kuorodheshwa kwa majina. Ni kazi ya heshima, na watafiti wetu wengi wamenufaika nayo. Lakini haidhuru kukumbuka inatoka ukoo gani.

Kilgour naye alianzisha huko Ohio, mwaka 1967, mtandao wa maktaba ambao katalogi yake leo inaonyesha kitabu gani kiko maktaba ipi duniani. Mtu aliyesimama Mikumi kwenye barabara kuu ya Iringa, malori ya Zambia yakimpita, anaweza kufungua simu na kuona ni vyuo gani vya ng'ambo vinamiliki sarufi ile ya Kikaguru ya Last. Kukipata kitabu chenyewe ni shughuli nyingine.

Ni vivyo hivyo kwa kitabu cha wilaya ya Kilosa. Wakati wa Waingereza kila wilaya ya Tanganyika ilikuwa na kitabu chake, ambamo mabwana shauri walirithishana kuandika habari za watemi na majumbe, mila, mipaka, mafuriko, njaa na bei za mazao. Cha Kilosa kimewasaidia watafiti wengi, akiwemo Thomas Beidelman, Mmarekani aliyeanza utafiti wake kwa Wakaguru mwaka 1957 na kuendelea kuandika juu yao hadi kitabu chake cha mwaka 2012. Nakala za mikrofilamu za vitabu hivyo zipo katika maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Mzee wa Mamboya anayetaka kujua bwana shauri aliandika nini juu ya babu yake ana safari ya Dar es Salaam mbele yake.

Mambo haya si ya wanahistoria peke yao. Kilosa ni wilaya ambayo watu wameuana kwa sababu ya ardhi. Mauaji ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000, kati ya wafugaji na wakulima, bado yanakumbukwa. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yamepita mikono mingi, ya Mjerumani, Mwingereza, Mgiriki, Mhindi na serikali. Kila mkono uliacha hati. Anayeshika ramani ya zamani au barua ya umiliki ana sauti kubwa barazani, na mara nyingi si mwanakijiji. Tena Kilosa ni mji wa mafuriko. Yale ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliwahamisha maelfu ya watu na kuing'oa reli kuelekea Gulwe. Maji yanayoweza kukunja chuma cha reli hayashindwi na kabati la mbao la ofisi ya kijiji.

Sheria ipo. Ile ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inazitaka ofisi za umma kutunza majalada yao kwa utaratibu, na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyofunguliwa Maktaba yake Kuu na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, inapaswa kupelekewa nakala ya kila kinachochapishwa nchini. Pengo kubwa liko kwa vitu ambavyo havichapwi na haviko ofisini: madaftari ya vyama vya ushirika, kumbukumbu za mikutano ya kijiji cha ujamaa, stakabadhi za pamba na mkonge, barua za wapagazi na askari, orodha za ubatizo, picha za mameneja na wafanyakazi wao.

Sasa treni ya kisasa inasimama Kilosa, na Dar es Salaam imekuwa mwendo wa saa chache tu. Mwenye sanduku la karatasi za namna hiyo, Kilosa, Kimamba, Mamboya, Ulaya ya hapa wilayani, Mikumi au Kidodi, asilichome pamoja na taka na asimpe mgeni wa kwanza anayeliulizia kwa bei ya soda. Azipige picha kurasa zake kwa simu, abaki na nakala nyumbani, kisha azipeleke karatasi zenyewe kwa watu wa kumbukumbu pale Upanga na kudai kuandikiwa kwamba zimepokelewa.